Nilikariri Amri Kumi nikapata kipaimara, kisha nikanunua kwa lumbesa miaka tisa. Neno linafikaje moyoni?

mwanaghala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuleta jukwaa la dini ingawa karibu nusu yake ni habari za mahindi.

Mimi ni mnunuzi wa mazao kanda ya kati. Nimelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri. Mwaka wa kipaimara tulikuwa tunakaa mabenchi ya mbele kila Jumamosi, mwinjilisti anauliza Amri ya Saba, tunajibu kwa sauti moja, "Usiibe." Anauliza, "Maana yake ni nini?" Hapo tunateremka na maelezo ya Katekisimu Ndogo bila kuruka neno. Kitabu kile Martin Luther alikitoa mwaka 1529, na maelezo ya amri hiyo hayaishii kwa mwizi wa ng'ombe au wa fedha. Yanamtaja pia mtu anayejipatia mali ya jirani yake kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila. Niliyasema yote hayo nikiwa na miaka 15, na bado yapo. Niamshe usiku wa manane uniulize, nitakujibu.

Mtu huyohuyo nilinunua mahindi kwa lumbesa miaka tisa.

Kwa wasiojua: gunia la kawaida linachukua debe sita. Mnunuzi anachukua kipande cha gunia jingine, anakishonea juu ya mdomo kwa kamba ya katani, vijana wanashindilia kwa mti, na gunia linaota kichwa. Sasa linakula debe saba. Bei ni ya gunia, kwa hiyo mkulima analipwa sita anatoa saba. Sheria ya Vipimo inakataza na kilo mia ndiyo mwisho, kila mtu sokoni anajua. Mkulima naye anajua. Ila ana ada ya mtoto mkononi, na tela alilokodi linamsubiri, na akikataa kwangu anayefuata naye atashona kichwa vilevile.

Siku moja alikuja mzee na mzigo wa magunia manne. Vijana wangu walikuwa wanajaza kwa debe, yeye amechuchumaa pembeni, mkono wa kushoto umefumba. Sikumtilia maanani. Walipomaliza kushona nikamhesabia fedha, akazipokea, akasema asante. Kisha akanishika mkono, akaufungua, akamimina punje za mahindi kwenye kiganja changu. Kila debe lilipokwenda kwenye gunia langu alikuwa ameokota punje moja. Hakuniambia neno, akapanda kwenye tela wakaondoka.

Nilizihesabu usiku nyumbani. Zilikuwa 28.

Najua wengine mtasema ningemfuata. Nilimfuata, lakini si siku ile. Nitalisema hilo mbele nikipata nguvu.

Swali lililonikosesha usingizi ni hili. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo neno kwa neno, pamoja na maelezo yake. Na Zaburi 119:11 inasema, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi." Mbona mimi nilikuwa nalo na nikatenda? Miaka tisa, kila msimu?

Nilichokiona baada ya kujihoji muda mrefu ni kwamba Amri ya Saba kwangu ilikuwa na mahali pake pa kukaa, nako ni benchi la kanisani. Mwinjilisti akiuliza, inatoka. Sokoni hakuna anayeuliza "maana yake ni nini," kwa hiyo haikutoka. Niliikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani niliufaulu. Sikuwahi hata mara moja kuitamka nikiwa nimesimama kando ya gunia.

Basi nikaanza upya, na mstari mmoja tu. Mithali 11:1: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Nikauandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubao wa ndani wa mlango wa ghala, usawa wa macho. Nikajiwekea sharti la kuutamka kwa mdomo, sauti yangu niisikie mwenyewe, kabla ya kufungua kufuli asubuhi, na tena kabla ya kumwambia kijana "anza kujaza." Wiki ya kwanza vijana waliniona kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Mwezi wa pili mmoja wao akawa ananitangulia kuusema.

Lumbesa iliisha ghalani kwangu msimu ule. Nilipoteza faida, sitadanganya. Kuna wenye malori walionihama kwa sababu mzigo wangu ulikuwa mdogo kwa bei ileile. Nilikaa wiki tatu ghala likiwa robo.

Naleta jambo hili kwenu kwa sababu makanisa yetu yana bidii kubwa ya kukaririsha. Watoto wa Shule ya Jumapili wana mistari yao, Wasabato wana fungu la kukariri kila wiki, vijana wana mashindano ya Biblia. Sijaona sehemu nyingi ambapo mtu anaulizwa, "Wewe dhambi yako inakaa wapi, na neno gani umelipeleka pale?" Karibuni tujadili. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa walioshinda jambo fulani kwa njia hii, na walioshindwa pia.

---

jiwe_la_pembeni

Mkuu, nimesoma yote. Nakupongeza kwa ukweli. Lakini mimi nina mashaka na jambo hili zima. Nimefanya kazi chini ya kiongozi wa kanisa ambaye anaitaja mistari kama anasoma, na alichowatendea wajane wa kikundi cha akiba sitakiandika hapa. Ibilisi mwenyewe alimnukulia Yesu Maandiko. Kama kukariri kungelinda, Ibilisi angekuwa mtakatifu.

---

mwanaghala

Ndugu, pole kwa uliyoyaona. Na hoja yako ni nzito, nimeitafakari tangu mchana.

Fungua Mathayo 4:6 uweke pembeni na Zaburi 91. Zaburi inasema malaika wataagizwa "wakulinde katika njia zako zote." Ibilisi ananukuu lakini maneno hayo ya njia zako zote ameyaacha. Kisha anasimama kwenye habari ya mguu kutojikwaa katika jiwe. Mstari unaofuata, wa 13, unasema, "Utawakanyaga simba na nyoka." Hakuugusa. Anayejua sehemu ile nzima anasikia kabisa pale palipokatwa. Anayeujua mstari mmoja uliong'olewa mahali pake hana namna ya kusikia.

Sasa tazama Yesu alijibu na nini. Majibu matatu, yote kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Sura hizo zinazungumza na taifa lililokaa miaka arobaini jangwani, na yeye yuko jangwani siku arobaini ana njaa. Hakuokota mstari wowote mzuri, alikuwa na neno la mahali pale aliposimama. Na sura ya 6 ndiyo ileile inayoagiza, "Na maneno haya ninayokuamuru leo, yatakuwa katika moyo wako," uyanene uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo.

Kwa hiyo kiongozi wako na mimi wa miaka tisa tulikuwa kundi moja. Neno lilikuwa chombo cha kutumia kwa wengine. Yeye alilitumia mimbarini, mimi nililitumia kupata kipaimara. Yakobo anawaita watu wa namna hiyo wasikiaji wanaojidanganya nafsi zao, na mimi sina utetezi.

---

msomaji_wa_usiku

Wakuu, mimi nina miaka 24 na nitaandika wazi kwa sababu hapa hakuna anayenijua. Shida yangu ni simu. Bando la usiku likianza, mimi na picha chafu. Nimekariri 1 Wakorintho 10:13, nimekariri Ayubu 31:1, ile ya "Nilifanya agano na macho yangu." Naisema. Kisha naangalia. Halafu naisema tena nikiomba msamaha. Nimefika mahali hata mstari wenyewe unaniuma kuusikia. Nifanyeje?

---

mwanaghala

Mdogo wangu, asante kwa kuamini jukwaa hili. Kabla sijakujibu, nilipe deni langu la juu, kwa sababu linakuhusu.

Msimu wa pili baada ya kuacha lumbesa, ukame ukaingia. Mwezi wa tatu mahindi hayapatikani na bei iko juu. Akaja mama mmoja na magunia sita. Nikaangalia ule mlango. Mstari ukaja wenyewe, sikuuita. Niliusikia kabisa kichwani, kwa sauti yangu mwenyewe. Na nikamwambia kijana, "Shona." Akanitazama. Nikarudia, "Shona, nimesema."

Kwa hiyo naijua ile hali ya kulisikia neno na kulinyamazisha. Ni mbaya kuliko kutolisikia. Jioni ile sikuweza kula. Lakini zingatia tofauti hii: miaka tisa ya kwanza nililala usingizi mzuri kila siku. Safari hii sikulala. Alfajiri nilipanda pikipiki nikaenda kijijini kwa yule mama na fedha za debe sita. Na kwa kuwa nilishakuwa njiani, nikaulizia yule mzee wa punje. Nikaambiwa alishafariki. Nilimpa mwanawe fedha za debe nne. Alinihesabia mbele ya mkewe, akaniandikia karatasi kwamba amepokea. Ninayo.

Ndiyo maana nakuambia mstari kukuuma ni dalili kwamba bado uko hai ndani yako. Usikimbie maumivu hayo, na usiache kuusema.

Lakini pia, 1 Wakorintho 10:13 isome hadi mwisho. Inasema Mungu pamoja na lile jaribu "atafanya na mlango wa kutokea." Mlango ni wa kutokea, na mtu hutoka kwa miguu. Yusufu alimwambia mke wa Potifa, "nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?" na aliendelea kukataa siku baada ya siku, lakini siku aliyoshikwa nguo hakubaki kuhubiri. Aliiacha nguo mkononi mwa yule mama akakimbia. Kwako nguo ni simu. Saa tatu usiku iache sebuleni kwenye chaji, nunua saa ya mezani ya kukuamsha. Kisha mstari wako usiusemee kitandani vita ikiwa imeshapamba moto. Usemee pale sebuleni, wakati unachomeka chaja, kabla jaribu halijaanza. Mimi nikisubiri hadi mzee ameshashusha mzigo na vijana wameshika sindano, nimechelewa tayari. Kazi ya neno kwangu inafanyika kabla ya kufungua kufuli.

---

ubao_wa_chuoni

Assalaam aleykum ndugu zangu, pamoja na wasio Waislamu humu. Nimepitia uzi huu nikaona niandike, ingawa hifadhi yetu na kukariri kwenu kuna tofauti.

Mwanaghala, unajua kwamba habari yako ina sura nzima? Ni ya 83, Al-Mutaffifin. Inaanza kwa kuwatolea ole wanaopunja, na mara moja inawaeleza ni akina nani: ambao wakijipimia kutoka kwa watu hudai wapewe kamili, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Lumbesa ni ile sehemu ya kwanza kabisa, na zaidi ya kamili. Sura hiyo iko katika juzuu ya thelathini, juzuu Amma, ambayo ndiyo mtoto wa chuoni huanza nayo kwa kuwa sura zake ni fupi. Maana yake ni kwamba Waislamu wengi sana walio sokoni wanayo kifuani tangu wana miaka minane. Mimi nimekulia Tanga, tuliisoma kwa pamoja chini ya mwembe, maalim akipita na kifimbo. Na sokoni hali ni ileile unayoieleza. Basi ugonjwa huu ni wetu sote.

Nimefundishwa mambo mawili ambayo huenda yakakufaa. La kwanza ni Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwenye Qur'ani amefanana na mwenye ngamia waliofungwa, akiwaangalia atakaa nao na akiwaachia watakwenda zao. Kwa hiyo aliyehifadhi hamalizi. Wapo waliohifadhi juzuu zote 30 wakakaa mwaka bila muraja'a, yaani kurudia walichohifadhi, na zikaondoka. La pili linapokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume, kwamba mtu miongoni mwao masahaba akijifunza aya kumi hakuzivuka mpaka ajue maana yake na kuzifanyia kazi. Aya kumi tu! Sisi tunashindana nani amemaliza mwanzo.

Baba yangu alikuwa muuza nazi. Kila alipokuwa anahesabu nazi za mteja alikuwa anasoma "Waylun lil-mutaffifiin," ole wao wanaopunja, kwa sauti ya chini, na mwisho anaongeza nazi moja. Nilidhani ni mazoea ya wazee tu.

---

mwanaghala

Wa aleykum salaam. Nimeisoma habari ya baba yako mara tatu. Mungu amrehemu kama ametangulia, na kama yupo mfikishie salamu za mnunuzi wa mahindi.

---

mama_wa_kitonga

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi nina miaka 58, kichwa hakishiki tena. Nasoma mstari asubuhi, mchana umekwenda. Dhambi yangu ni ulimi, tena ulimi juu ya wakwe zangu. Nikikaa na wenzangu kwenye kikundi tunachambua watu hadi jua linazama, nikirudi nyumbani najuta. Mstari ninaoutaka ni ule wa jawabu la upole. Nisaidieni namna ya kuushika.

---

chaki_nyeupe

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kiswahili, na jambo la kumbukumbu nimelifuatilia kwa sababu ya wanafunzi wangu.

Usikilaumu kichwa chako. Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alikuwa anakariri silabi zisizo na maana kisha anapima amesahau kiasi gani. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, halafu upotevu unapungua kasi. Na alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye afya. Kwa hiyo mstari wa asubuhi kupotea mchana ni jambo la kila mtu.

Dawa ni mbili. Kwanza, rudia kwa kuachanisha. Mara nne kwa siku moja ni kazi ndogo kuliko mara kumi kwa mkupuo, na inakaa zaidi. Pili, ufunike. Watu wanasoma mstari mara ishirini huku wanautazama, wanahisi wameujua. Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walilinganisha mwaka 2006 wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na waliofunga karatasi wakajaribu kukikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojijaribu ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo mama, funika mstari kwa mkono, useme, ukosee, ufunue, usahihishe. Kule kukosea na kusahihisha ndiko kunakoushikisha.

Na mstari wako umekwisha kusaidiwa na watafsiri. "Jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Mithali 15:1. Usome kama shairi, ukate pumzi pale katikati. Biblia ya Union, ile iliyotoka kamili mwaka 1952, ina mapigo yanayofaa sana mdomoni. Nina tafsiri nyingine nyepesi ninazozipenda kusoma, ila kwa kukariri narudi kwa hii ya zamani kila mara.

Hata Waebrania walijua hila hizi. Zaburi 119 ina mistari 176, imegawanywa mafungu 22, kila fungu mistari minane, na kila mstari katika fungu unaanza na herufi ileile, kwa mpangilio wa alfabeti yao. Mstari wa 11 alioutaja mwanzisha uzi uko fungu la pili, la herufi Beth. Mpangilio kama huo unamsaidia mtu kushika: ukijua herufi, unajua uko wapi.

---

mwanathiolojia_mdogo

Naongezea kwa alipoishia mwalimu, kwa sababu ndiyo masomo yangu.

Neno lililotafsiriwa "nimeliweka" katika mstari huo wa 11 ni la kuficha, kama mtu anavyoficha kitu cha thamani. Ndilo linalotumika Kutoka 2:2, mama yake Musa alipomficha mtoto miezi mitatu. Ninapousoma mstari sasa namwona yule mama. Mtoto unayemficha humsahau saa yoyote. Unasikia hata pumzi yake.

Na "kutafakari" ya Zaburi 1:2 na Yoshua 1:8 kwa Kiebrania ni kitendo cha kinywa, kunong'ona, kuguna. Isaya 31:4 inatumia neno hilohilo kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake. Ndiyo maana Yoshua anaambiwa kitabu kisiondoke "kinywani" mwako. Yule mzee wa nazi alikuwa anatafakari hasa.

Hili la kuweka neno mahali pa dhambi yake lina historia pia. Katika majangwa ya Misri kulikuwa na mtawa aliyeitwa Evagrius, amefariki mwaka 399. Alikusanya mistari karibu 500 na kuipanga katika mafungu manane kufuatana na mawazo mabaya manane: ulafi, zinaa, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kupenda sifa na kiburi. Wazo likija, mtawa analijibu kwa mstari wake, kwa mfano aliouchukua kwa Yesu jangwani. Mwanaghala hakujua, lakini mlango wa ghala lake ni ukurasa wa kupenda fedha.

---

jiwe_la_pembeni

Nimerudi. Sijabadilika kuhusu yule kiongozi, lakini nimekaa na ile habari ya mstari wa 13 usiku mzima. Nauliza jambo moja la mwisho. Hatari ya njia hii ni mtu kugeuza mstari kuwa hirizi. Anautamka, anajiona yuko salama. Unajilindaje na hilo?

---

mwanaghala

Ndugu, hatari ipo na mimi nimeigusa. Kulikuwa na kipindi nilikuwa nautamka huku nahesabu fedha, ulimi upo na mimi sipo. Siku hiyo hiyo nilimpunja mtu kwa njia nyingine, nilimwambia mahindi yake yana unyevu wakati hayana. Mizani ilikuwa sawa, mdomo ndio uliokuwa mizani ya hadaa. Nilipogundua nililia.

Tangu hapo nafanya hivi. Nikimaliza kuusema nageuza uwe maombi kwa maneno yangu ya kawaida. "Baba, leo anakuja mtu hajui bei. Usiniache nimfanye mjinga." Hirizi huwezi kuzungumza nayo. Pia nimempa kijana wangu wa ghalani ruhusa ya kunisimamisha. Yule aliyenitazama siku ya ukame. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake kwa kumwamuru ashone, nikamwambia, nikirudia kusema shona, tupa sindano. Ameitupa mara moja tangu siku hiyo.

Na kwa wale walioniandikia pembeni kwamba damu ya Yesu inatosha na hizi ni juhudi za mwili: naamini inatosha. Yule mama mwenye magunia sita nilimrudishia fedha kwa sababu nilishasamehewa, sikwenda kununua msamaha. Lakini aliyesamehewa bado anafungua ghala kila asubuhi.

---

mama_wa_kitonga

Narudi kutoa taarifa, ni siku ya kumi na moja. Mwalimu, marahaba mwanangu. Nimeufunika kwa mkono kama ulivyosema. Nausema nikitwanga, nikifagia, nikifunga kanga ya kwenda kikundini. Jana maneno yalipoanza juu ya mke wa kijana wangu, nilifungua mdomo kuongeza langu, nikalikuta lile "jawabu la upole" limekaa pale pale linanisubiri. Nikanyamaza. Wenzangu wakaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nikaomba tubadilishe habari, tukazungumza mbegu za alizeti. Nusu saa tu, halafu yakarudi, na mimi nikarudi nayo kidogo. Lakini ile nusu saa niliipata.

---

msomaji_wa_usiku

Simu iko sebuleni usiku wa sita. Usiku wa nne niliifuata. Usiku wa tano na wa sita hapana. Saa ya mezani nimenunua, inapiga kelele inaamsha nyumba nzima, mama analalamika. Sijamweleza sababu.

---

mwanaghala

Mama, nusu saa ni mali. Usiku wa tano na wa sita nao ni mali. Mdogo wangu, endelea, na usiku wa nne usiufiche unapoomba, utaje kwa jina.

Wakuu, nimeona maswali mengine mengi, ya hasira, ya pombe, na yule dada anayeuliza mistari ya kumfundisha mtoto wa darasa la tatu anayeiba penseli za wenzake. Nitayajibu moja moja, na chaki_nyeupe nakuomba unisaidie la mtoto. Kesho alfajiri napokea mzigo wa magunia arobaini, ngoja nikalale. Nitaingia tena jioni.